Walioshtakiwa kwa Kudandia Waifai

Mwezi Mei 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifungulia umma vipande vitatu vya masafa ya redio ambavyo hakuna kampuni kubwa iliyovigombania. Vilikuwa vipande vya mabaki, vimejaa kelele za majiko ya mikrowevu na mitambo ya viwandani na hospitalini. Aliyevipigania ndani ya tume alikuwa mhandisi Michael Marcus. Tangu hapo mtu yeyote aliruhusiwa kurusha mawimbi humo bila leseni, alimradi chombo chake kisizidi nguvu iliyowekwa na kivumilie makelele ya wengine. Waifai zetu nyingi bado zinaishi humo, kwenye gigahezi 2.4. Kwa hiyo hewa yenyewe ilikuwa ya wote tangu mwanzo. Ugomvi uliozuka miaka 20 baadaye ulihusu kilichokuwa mwisho wa hewa hiyo: ruta ya sebuleni kwa mtu, na laini ya intaneti anayoilipia yeye kila mwezi.

Kanuni ya kiufundi ya waifai, 802.11, ilitoka mwaka 1997 na kuboreshwa 1999. Julai ya mwaka huo, mjini New York, Steve Jobs alipanda jukwaani na laptopu ya iBook, akafungua kurasa za intaneti, kisha akaipitisha laptopu ndani ya pete kubwa ya plastiki ili watu wajionee kwamba hakuna waya. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Haikuchukua muda mrefu ruta za nyumbani zikajaa madukani. Linksys WRT54G, lile boksi la buluu na nyeusi lenye antena mbili mgongoni, ilitoka mwishoni mwa 2002 na kuenea mitaani kama uyoga.

Ruta hizo zilitoka kiwandani zikiwa wazi, na watengenezaji walikuwa na sababu zao. Mteja aliyehangaika na nywila angepiga simu huduma kwa wateja, na akishindwa kabisa angerudisha bidhaa dukani. Basi mnunuzi alichomeka tu, taa zikawaka, na mtandao wake ukaanza kujitangaza hadi barabarani kwa jina la kiwandani: "linksys", "default", "NETGEAR". Kufuli lililokuwapo kwa aliyetaka kufunga, WEP, lilivunjwa mwaka 2001, pale Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walipochapisha namna ya kuupata ufunguo wake kwa kusikiliza tu mawimbi.

Tuutazame udandiaji wenyewe kwa karibu, yaani kutumia waifai ya mwingine bila kumwomba, maana kesi zote tutakazozisimulia zinauzunguka. Ruta hutangaza jina lake takriban mara kumi kwa kila sekunde. Laptopu iliyo karibu husikia, nayo hupeleka ombi la kuungana. Ruta iliyo wazi hukubali papo hapo. Laptopu huuliza tena: kuna anwani ninayoweza kutumia? Ruta hujibu kwa kuipa namba, tuseme 192.168.1.101, pamoja na namba ya mlango wa kutokea kwenda intaneti na muda wa kuishika anwani hiyo. Mgeni amepiga hodi, ameitikiwa karibu, ameonyeshwa na kiti. Mwenye nyumba wakati huo amelala, na pengine hajui kwamba ruta yake ina uwezo wa kumkaribisha mtu. Je, karibu hiyo ni ya nani? Waendesha mashtaka walisema si ya mwenye nyumba, hivyo haihesabiki. Watetezi walisema ruta husema kile ilichowekwa iseme, na asiyetaka wageni aiambie inyamaze.

Jambo lilizidi kuwa gumu kwa sababu mara nyingi hata mpiga hodi hakujua kama amepiga. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikuwa na tabia ya kukumbuka jina la mtandao na kuungana nao yenyewe kila ilipolisikia tena. Aliyekuwa na "linksys" nyumbani kwake aliunganishwa na kila "linksys" aliyopita karibu nayo. Watu wengi walidandia mitandao ya majirani wakidhani ni yao, hasa siku ambayo ya kwao imeharibika.

Sheria zilizongojea udandiaji huo zilikuwa zimezeeka. Ya jimbo la Michigan ilitungwa 1979, enzi ambayo kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima. Ya serikali kuu ya Marekani ni ya 1986. Uingereza ilitunga yake 1990, baada ya jamaa wawili kupenya kwenye huduma iitwayo Prestel hadi sanduku la barua la Mwanamfalme Philip, na mahakama kuamua kwamba hakuna sheria iliyowafaa. Zote zilikataza kuingia kwenye kompyuta ya mwenzio "bila idhini". Watungaji walimfikiria mhuni anayebahatisha nywila za benki usiku. Hawakumfikiria mtu aliyeketi garini akisoma barua pepe kupitia mashine iliyompa ruhusa yenyewe.

Mwanzoni mambo yalikuwa mchezo. Peter Shipley wa California aliendesha gari mitaani akiwa na antena na kompyuta, akahesabu mitandao na kuonyesha ilivyo mingi na ilivyo wazi. Juni 2002, jijini London, mbunifu Matt Jones alibuni alama za chaki za kuchora ukutani na kwenye lami: nusu duara mbili zilizopeana mgongo zilimaanisha hapa pana mtandao wazi, duara kamili lilimaanisha umefungwa. Wazo alilipata kutokana na alama ambazo watembezi maskini wa Marekani walidaiwa kuachiana zamani, kuambizana ni nyumba ipi inatoa chakula na ipi ina mbwa. Magazeti yalilishangilia mno. Nashuku chaki iliyotumika kuchora ilikuwa kidogo kuliko wino uliotumika kuisimulia.

Mwaka huohuo, mjini Houston, mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta alimwonyesha ofisa wa kaunti na mwandishi wa habari jinsi mtandao usio na waya wa ofisi ya karani wa mahakama ulivyokuwa wazi kwa yeyote mwenye laptopu. Kaunti iliuzima mtandao huo, na yeye akafunguliwa mashtaka katika mahakama ya shirikisho. Kesi ilifika mbele ya jopo la raia Februari 2003. Wakaenda faragha, na baada ya takriban dakika 15 wakarudi: hana hatia. Hiyo ndiyo kesi iliyopaswa kuwafundisha waendesha mashtaka, lakini mshtakiwa wake alikuwa mtaalamu aliyeweza kujieleza mbele ya watu. Waliofuata walikuwa watu wa kawaida, na wengi wao hawakubisha.

Aprili 2005, mjini St. Petersburg, Florida, mwenye nyumba mmoja aliona gari limeegeshwa nje na mtu ndani yake akiwa na laptopu. Kila alipokaribia, yule mtu aliifunika. Polisi wakaitwa, na mtu akakamatwa kwa kosa la kuingia kwenye mtandao bila idhini, ambalo katika jimbo hilo ni kosa kubwa la jinai. Miezi mitatu baadaye, katika mahakama ya Isleworth, magharibi mwa London, mwanamume aliyekutwa na laptopu katika mtaa wa makazi wa Ealing alitozwa faini ya pauni 500 na kunyang'anywa vifaa. Waingereza hawakutumia sheria yao ya 1990. Walitumia kifungu cha 125 cha Sheria ya Mawasiliano ya 2003, kinachomhusu anayepata huduma kwa hila akiwa na nia ya kukwepa malipo. Malipo gani? Mwenye laini alikwisha lipia mwezi mzima, na bili yake haikupanda hata senti. Kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya watu wanaoiba huduma za mawasiliano za kulipia, na kumvika mdandiaji ilibidi kivutwe kidogo.

Lakini kesi inayosimuliwa kuliko zote ni ya Sparta, mji mdogo wa Michigan, mwaka 2007. Mwanamume mmoja alikuwa na mazoea ya kuegesha gari karibu na mkahawa saa za chakula cha mchana, akisoma barua pepe zake kwa waifai ya mkahawa huo. Waifai ilikuwa ya bure, kwa wateja. Yeye hakuwa akiingia ndani. Jirani mwenye biashara pale alimtilia shaka, gari lilelile, mtu yuleyule, kila siku, akawaarifu polisi. Mkuu wa polisi wa mji akamwendea na kumuuliza anafanya nini. Jamaa, kwa kuwa hakuona ubaya wowote, akasema kweli: natumia intaneti ya mkahawa.

Hapo mkuu wa polisi alihisi kwamba pana kosa, ila hakujua ni lipi. Alirudi ofisini kupekua sheria, akaipata ile ya 1979 iliyokuwa imefanyiwa marekebisho 2000, akampelekea mwendesha mashtaka. Adhabu ya juu: miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Mshtakiwa alipata habari baada ya wiki kadhaa, alipokuwa ameshalisahau jambo lenyewe. Mwenye mkahawa, aliyedaiwa kukosewa, hakuwa amelalamika, na alipoulizwa alisema hakujua hata kama hilo ni kosa. Mwishowe jamaa alikubali mpango wa wakosaji wa mara ya kwanza, akalipa dola 400 na kufanya saa 40 za kazi za jamii ili asibaki na rekodi ya jinai.

Angeingia ndani akaagiza kikombe kimoja cha kahawa, pasingekuwa na kesi. Ruta ingekuwa ileile na mawimbi yaleyale. Aliyemkaribisha ndani angekuwa ni bei ya kikombe. Kwa jinsi hiyo, kilichomponza jamaa wa Sparta kilikaribia zaidi kuwa mwenendo wa kuonekana mgeni kuliko wizi. Ukizisoma kesi za miaka ile pamoja utaona jambo hilo linajirudia: karibu zote zilianza na jicho la jirani. Hakuna ruta iliyolalamika kwamba imeelemewa, wala mwenye mtandao aliyegundua kwamba intaneti yake imekuwa nzito. Palikuwa na gari lisilofahamika, au mtu ameketi ukutani na mwanga wa kioo usoni. Agosti 2007 polisi wa Chiswick, London, walimkamata mtu aliyeketi juu ya ukuta wa bustani na laptopu yake. Miezi michache kabla, mjini Redditch, wenzao walikuwa wameshughulika na dereva aliyeziba madirisha ya gari kwa maboksi. Na huko Palmer, Alaska, Februari ya mwaka huo, kijana wa miaka 21 alinyang'anywa laptopu kwa kucheza gemu akiwa garini nje ya maktaba ya umma iliyokwisha fungwa. Maktaba ilisahau, au haikuona haja ya, kuifunga ruta pamoja na milango.

Singapore haikuwa na mzaha. Januari 2007 kijana wa miaka 17, aliyedandia mtandao wa jirani na jirani akalalamika, aliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miezi 18 kwa sheria ambayo ingeweza kumpa miaka 3 gerezani. Alikuwa wa kwanza nchini humo kushtakiwa kwa kosa la aina hiyo.

Ujerumani ndiko suala lilikochimbwa hadi chini, na ndiko lilikopinduka. Aprili 2007 mahakama ya mwanzo ya Wuppertal ilimtia hatiani mtu aliyeketi nje ya nyumba ya mwenzake na laptopu, akitumia mtandao wazi wa mwenye nyumba. Hakimu alitumia kifungu cha 89 cha Sheria ya Mawasiliano ya Simu, kinachokataza kunasa ujumbe wa redio usiokuhusu, kifungu kilichowalenga wanaosikiliza redio za polisi. Hoja yake ilikuwa hivi: ruta ilipotoa ile namba ya anwani, ilituma ujumbe. Ujumbe huo haukukusudiwa kwa mshtakiwa. Basi aliunasa. Alipewa onyo na faini ndogo iliyoahirishwa, na laptopu ikachukuliwa.

Hoja hiyo ilidumu miaka mitatu. Mwaka 2010 kesi nyingine kama hiyo ilifika katika mahakama ileile ya Wuppertal, na safari hii hakimu alikataa hata kuifungua. Mwendesha mashtaka akakata rufaa, na tarehe 19 Oktoba 2010 mahakama ya juu yake ikamwangusha. Namba ile, walisema majaji, ilitumwa kwa laptopu iliyoiomba, na si kwa mtu mwingine. Mdandiaji hawezi kuwa mdukuzi wa mazungumzo ambayo yeye mwenyewe ni upande mmoja wake. Wala hakuvunja kizuizi chochote, kwa kuwa hakikuwapo. Kwa sheria ya jinai, kudandia mtandao ulio wazi hakukuwa kosa.

Sasa tazama kilichotokea Karlsruhe miezi mitano kabla. Tarehe 12 Mei 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikuwa na shauri la mtu ambaye wimbo uligawiwa kupitia laini yake ya intaneti wakati yeye yuko likizo. Alithibitisha kwamba hakuwapo. Majaji walikubali kwamba hakugawa wimbo na hapaswi kulipa fidia. Lakini kwa kuacha ruta na mpangilio wa kiwandani bila kuilinda ipasavyo, walisema, alimfungulia mwingine njia, na anaweza kubebeshwa gharama za barua ya onyo ya wakili. Katika mwaka mmoja, basi, nchi moja ilimwachia mgeni na kumbana mwenyeji. Barua za mawakili wa haki za muziki na filamu zilikuwa tayari biashara kubwa Ujerumani. Baada ya hukumu ile kila mwenye mkahawa alikuwa na sababu ya kuzima waifai yake, na wageni waliofika Berlin miaka hiyo walishangaa jinsi mji wenye vijana wengi wa kompyuta ulivyokuwa bahili wa mtandao wa bure. Wanaharakati wa Freifunk, waliokuwa wakiunganisha ruta za majirani kuwa mtandao mmoja wa jamii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, walilazimika kuwa wataalamu wa sheria.

Mmoja aliyekataa kufunga alikuwa Tobias McFadden, mwanasiasa wa Chama cha Maharamia na mwenye duka la vifaa vya taa na sauti karibu na Munich. Aliacha waifai ya dukani wazi kwa makusudi, ili kuwavuta wapita njia, na wakati fulani aliipa jina la maandamano ya kutetea faragha: "uhuru badala ya hofu". Septemba 2010 albamu moja iligawiwa kupitia laini hiyo, na Sony Music ikamwandikia. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg, iliyoamua tarehe 15 Septemba 2016 kwamba mwenye duka si mdaiwa wa fidia kwa makosa ya wapita njia, ila mahakama inaweza kumwamuru aweke nywila na kuwataka watumiaji wajitambulishe. Aliponyoka fidia akapoteza mlango wazi. Bunge la Ujerumani ndilo lililomaliza, kwa marekebisho ya 2017 yaliyoondoa mzigo ule wa Karlsruhe.

Uholanzi nayo ina kisa chake, na ili kukielewa inabidi turudi nyuma sana. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilihukumu shauri la daktari wa meno wa The Hague aliyekuwa akichomeka kitu chembamba kama sindano kwenye mita ya umeme ili isizunguke. Utetezi wake ulikuwa wa kisomi: kuiba ni kuchukua kitu, na umeme si kitu. Majaji wa Ujerumani walikuwa wameikubali hoja ya aina hiyo mwishoni mwa karne ya 19, hadi bunge lao likatunga sheria maalumu. Waholanzi waliikataa. Umeme una thamani na unaweza kuhamishwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, walisema, kwa hiyo unaibika.

Miaka 90 baadaye, mjini humohumo, mwanafunzi alitumia ruta isiyo yake kutuma mtandaoni tishio la kushambulia shule. Machi 2011 mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa tishio, lakini ikamwachia kwa shtaka la kuingia kwenye kompyuta ya mtu. Sheria ilieleza kompyuta kuwa ni kifaa kinachohifadhi, kinachochakata na kinachopitisha data. Ruta, walisema majaji, inapitisha tu. Kwa miaka miwili, basi, Mholanzi angeweza kupenya kwenye ruta ya jirani, hata iliyofungwa kwa nywila, na asiwe mdukuzi kwa sheria hiyo, almradi asiguse kompyuta zilizo nyuma yake. Mahakama Kuu iliifuta hukumu hiyo Machi 2013. Mbele yake ruta ilihesabiwa, kama ulivyohesabiwa umeme wa daktari wa meno.

Wafini hawakungoja mahakama. Mwaka 2011 bunge lao liliongeza sentensi katika sheria ya jinai: kutumia intaneti kupitia mtandao usio na waya na usiolindwa hakuhesabiwi kuwa matumizi bila idhini. Sentensi moja tu, na mjadala ukaisha. Wafaransa walichagua upande wa pili. Sheria yao ya HADOPI ya 2009 ilimtwika mwenye laini wajibu wa kuilinda, na wa kwanza kuhukumiwa kwayo, Septemba 2012 mjini Belfort, alikuwa fundi aliyetozwa euro 150 ingawa ilielezwa mahakamani kwamba nyimbo zilipakuliwa na mkewe. Hakuwa na kosa la kupakua. Kosa lake lilikuwa kuacha laini itumike.

Kwingine, wenye mitandao walitiwa hofu na mambo mazito kuliko nyimbo. Tarehe 26 Julai 2008, muda mfupi kabla ya mabomu ya Ahmedabad, barua pepe ya kujitapa ilitumwa kupitia waifai isiyofungwa ya Mmarekani aliyekuwa akiishi Navi Mumbai. Alihojiwa, jina lake likaenea dunia nzima, na baadaye ikaonekana hahusiki. Mwanzoni mwa 2009 polisi wa Mumbai walipita mitaani kutafuta mitandao iliyo wazi ili wenyewe waonywe. Machi 2011, karibu na Buffalo, New York, maofisa wa shirikisho walivamia nyumba alfajiri na kumlaza mwenyewe chini kwa mtutu wa bunduki, wakimwita mpenda picha chafu za watoto. Aliyepakua alikuwa jirani, aliyekamatwa siku chache baadaye. Mwenye nyumba alikuwa tu na ruta isiyo na nywila.

Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier aliandika mwaka 2008 kwamba yeye waifai yake huiacha wazi, akiona ni adabu ya kawaida ya mwenyeji kwa mgeni. Baada ya Buffalo, adabu hiyo ilihitaji moyo.

Na ipo kampuni iliyopita mitaani kuliko wadandiaji wote pamoja. Mei 2010 Google ilikiri kwamba magari yake ya Street View, yaliyokuwa yakipiga picha za barabara katika nchi zaidi ya 30, yalinasa pia vipande vya mawasiliano kutoka mitandao iliyo wazi: barua pepe, nywila, chochote kilichopita hewani gari lilipopita. Ufaransa iliitoza euro 100,000. FCC iliitoza dola 25,000, tena kwa kukwamisha uchunguzi, si kwa kunasa. Msomaji apige mwenyewe hesabu ya dola hizo dhidi ya zile 400 za Sparta, akikumbuka kwamba jamaa wa Sparta alisoma barua zake mwenyewe.

Ukiuliza ni hukumu ipi iliyomaliza ubishi, jibu ni kwamba hakuna. Viwanda ndivyo vilivyoumaliza. Kuanzia Machi 2006 kifaa kilichotaka nembo ya Wi-Fi kililazimika kuwa na ulinzi mpya, WPA2, na hatua kwa hatua ruta zikaanza kutoka kiwandani zimefungwa tayari, nywila imebandikwa chini kwenye karatasi ndogo. Mnunuzi yuleyule, asiyejua lolote na asiyebadilisha chochote, ambaye mwaka 2003 alikuwa mwenyeji wa mtaa mzima bila kujua, mwaka 2013 alikuwa amefunga mlango bila kujua. Uamuzi uliofanywa na mhandisi wa kampuni kuhusu hali ya kifaa kinapotoka boksini ulikuwa na nguvu kuliko majaji wa Karlsruhe na Luxembourg. Mitandao iliyobaki wazi ni ile iliyokusudiwa kuwa wazi, na yenyewe inajieleza: ukurasa wa masharti, kitufe cha kukubali.

Janga la korona liligeuza hata maegesho. Machi 2020, shule na maktaba za Marekani zilipofungwa, FCC ilitangaza kwamba zinaweza kuacha waifai zao, zilizolipiwa kwa ruzuku ya serikali, zitumiwe na umma bila kupoteza ruzuku hiyo. Maktaba nyingi zikaongeza antena zielekee nje. Familia ziliegesha magari na watoto wakafanya kazi za shule kwenye viti vya nyuma, jambo lilelile lililomponza kijana wa Palmer, sasa likiwa na vibao vya kuwaelekeza wapi waegeshe.

Afrika Mashariki iliingia katika suala hili ikiwa imechelewa, na pengine ndiyo maana sheria zake zinapishana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya 2015, katika kifungu cha 4 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, na inachokiweka ni kima cha chini cha adhabu, si cha juu: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Kama ruta ilikuwa na nywila au la, kifungu hakiulizi. Kenya, katika kifungu cha 14 cha sheria yake ya 2018, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka 3, lakini mkosaji wake lazima awe amekiuka hatua za usalama na awe anajua kwamba hana idhini. Wakili atakayesimama katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kumtetea aliyedandia ruta isiyo na nywila atalazimika kubishana kuhusu maana ya idhini. Mwenzake wa mahakama ya Milimani, Nairobi, ataanza kwa kumuuliza shahidi wa upande wa mashtaka swali moja: hatua gani ya usalama?